Dada anabisha, wanangu hawataki: niendelee kuandika maisha yangu?

Swali: Nina miaka 67, mwalimu mstaafu. Tangu mume wangu afariki nimekuwa nikiandika maisha yangu kwenye daftari: wazazi wangu, ndoa, kulea watoto, na mafunzo ambayo ningependa kuwaachia wajukuu. Mambo matatu yananikwamisha. Nilipomsomea dada yangu mkubwa sehemu ya baba yetu alikasirika, akasema mambo hayakuwa hivyo na kwamba nazua. Wanangu nao wananiambia niache kuchimbua ya kale, nipumzike. Tena majina na miaka vinanipotea, naogopa nimechelewa. Je, niendelee? Na kama ni kuendelea, niandike vipi nisije nikavunja familia?

Jibu: Shikamoo, mama. Endelea kuandika. Nimelitanguliza jibu ili usome maelezo yangu roho ikiwa imetulia. Sasa niyachukue mambo yako matatu, nianze na la mwisho, maana hofu ya kuchelewa ndiyo inayoyapa nguvu hayo mengine mawili. Mtu anayejiona amechelewa hukata tamaa upesi anapobishiwa.

Nahariri kumbukumbu za wazee, na malalamiko ya majina kupotea nayasikia karibu kwa kila ninayekaa naye. Unamwona mtu kama yuko mbele yako, unakumbuka alivyocheka na alivyofunga mlango, jina limekataa kutoka. Hiyo ni hali ya kawaida ya umri. Majina ya watu hutangulia kusumbua kwa sababu jina halina maana ya kulishikilia. Ukisahau neno kinyozi, utalifikia kwa kupitia wembe, nywele na kioo. Ukisahau jina la kinyozi huyo, huna pa kupitia. Msamiati wenyewe hauendi hivyo. Watu wengi waliovuka miaka 60 wana maneno mengi kuliko walipokuwa na miaka 25, na maarifa waliyoyakusanya hubaki imara kwa muda mrefu. Kinachopungua ni kasi ya kulifikia neno, pamoja na kumbukumbu za mambo ya juzi na jana. Kwa anayehutubia upungufu huo ni mzito, kwa kuwa watu wamemkazia macho. Anayeandika hakimbizwi na yeyote. Jina likigoma, acha nafasi tupu, chora mstari, songa mbele. Litakujia ukiwa unakunja nguo.

Miaka nayo isikusumbue kupita kiasi. Mjukuu wako hatakosa usingizi kwa kutojua kama mlihama mwaka 1979 au 1981. Weka tukio kando ya tukio jingine: kabla ya kuzaliwa fulani, mwaka ule redio ilipoharibika, nilipokuwa nafundisha darasa la tatu. Watu walihesabu maisha yao hivyo tangu kale, na mpangilio wa namna hiyo mara nyingi una ukweli kuliko tarehe ya kubahatisha.

Kuna jambo moja kuhusu kumbukumbu ambalo litakubadilishia namna ya kufanya kazi. Ukimwomba mtu aliyevuka miaka 40 asimulie matukio ya maisha yake, atakayoyataja kwa wingi ni ya kati ya umri wa miaka 10 na 30. Watafiti wameliona hilo mara nyingi, na katika jamii mbalimbali. Maelezo mojawapo ni kwamba katika miaka hiyo mambo mengi hutokea kwa mara ya kwanza: kazi, mapenzi, ndoa, mtoto, kuondoka nyumbani. Baada ya hapo siku zinafanana, na siku zinazofanana hufutika. Kwa hiyo usishangae daftari lako likijaa utoto na ujana, halafu miaka 20 ya kulea na kufundisha ikaenea katika kurasa mbili. Miaka hiyo haikuwa mitupu. Imejificha ndani ya mazoea, na mazoea hayajitokezi yenyewe mpaka yatafutwe.

Yatafute kwa kupitia vitu. Chukua kitu kimoja ulichokuwa ukikishika kila siku, iwe ni ufunguo, cherehani au begi la daftari za wanafunzi, uandike mkono wako ulikuwa ukifanya nini nacho saa kumi na mbili asubuhi. Ingia katika nyumba mliyoishi kwa mlango wa mbele, pita chumba kwa chumba, useme nani alilala wapi na kwa nini pale. Harufu ina nguvu ya pekee. Kumbukumbu zinazoamshwa na harufu huelekea kuwa za zamani sana, nyingi za utotoni kabla ya miaka 10. Sabuni aliyotumia mama yako inaweza kukurudishia chumba kizima ambacho picha haikukurudishia.

Hapa niseme neno la tahadhari, kisha nilipite. Kuuliza swali lile lile mara kadhaa ndani ya saa moja, kupotea katika njia uliyoizoea, kushindwa hesabu za nyumbani ambazo umezifanya maisha yote: hayo hayahesabiwi kuwa uzee wa kawaida, na yanahitaji daktari. Barua yako, iliyopangika na kueleweka hivi, haina dalili hizo.

Tukirudi kwenye kuchelewa, zamani hata wataalamu waliona mzee anayerudia rudia ya kale kuwa ni mtu ambaye akili yake imeanza kuchakaa. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, alichapisha makala ya kupinga wazo hilo. Alieleza kwamba kuyapitia maisha uzeeni ni kazi ya kawaida ya nafsi inayojua kuwa siku zilizobaki ni chache. Yaliyomwelemea mtu hurudi, naye huyatazama upya, akapatana nayo au akashindwa. Butler hakuahidi kwamba faraja hupatikana kila mara. Alichosema ni kwamba kazi yenyewe ni halali, na aliye karibu na mzee aisikilize badala ya kuinyamazisha.

Katika Kiswahili mfano ninaouweka mbele ya kila anayeniuliza kama muda umepita ni wa mshairi Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya. Mwaka 1858 alimtungia binti yake utendi. Maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima, na mwanzoni kabisa analisema hilo bila kuficha. Kisha anamwita mtoto asogee, akae, awe na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana jambo anataka kumwambia. Hakungoja apone. Alifariki miaka michache baadaye, na maneno aliyomwambia mtoto mmoja yanasomwa hadi leo. Nautazama mwanzo ule kama darasa kamili la uandishi wa kumbukumbu: msemaji anayeijua hali yake, msikilizaji mmoja anayependwa, vifaa tayari.

Sasa dada yako. Alipokuambia unazua, alikuwa anasema kile ambacho kweli anakikumbuka. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alichapisha kitabu cha tafiti zake, ambamo aliwapa watu hadithi ngeni waisome, halafu waisimulie tena baada ya muda. Kadiri walivyoirudia, hadithi ilizidi kuwa fupi, na yale yasiyowaingia akilini waliyageuza yafanane na mambo waliyoyazoea. Hawakuwa wakidanganya. Kumbukumbu hujengwa upya kila inapoitwa, tena kwa yale aliyo nayo mtu wakati wa kuiita. Wewe unamwita baba yako ukiwa mjane, pengine ukimlinganisha na mumeo. Dada yako anamwita akiwa na yake yanayomkaa moyoni.

Iko sababu nyingine isiyohusu kusahau hata kidogo. Kifungua mimba na wadogo zake hawalelewi na mzazi yule yule. Dada yako alimpata baba akiwa kijana, hajajua kazi ya kulea, pengine riziki inayumba na mkono wake mwepesi. Wewe ulimpata miaka ile alipokuwa ametulia, au alipokuwa amechoka asiyejali tena. Mkimsimulia, mnasimulia watu wawili waliokaa katika mwili mmoja kwa zamu. Nimeona ndugu wakibishana miaka nenda miaka rudi kama baba alikuwa mkali au mpole, na wote wana ushahidi.

Kiuandishi, andika ulichokiona, useme ulikuwa umesimama wapi na ulikuwa na umri gani. "Nilikuwa na miaka 8, nimejibanza nyuma ya mlango, nikasikia sahani ikivunjika." Sentensi hiyo ni vigumu kuibishia kwa sababu haimhukumu mtu. Kinachowasha moto ni hukumu: baba alikuwa mtu dhalimu, baba hakumpenda mama. Hukumu kama hizo ziondoe, uache tukio liseme. Halafu mpe dada yako nafasi humo humo: "Dada yangu analikumbuka jambo hili tofauti. Anasema kwamba..." Mwandike kwa maneno yake, usimjibu pale pale. Kurasa zenye sauti mbili ndizo ambazo familia huzirudia mara kwa mara, kwa sababu ndani yake kila mtu anaona kwamba hakufutwa.

Mwendee, mama, tena nenda bila daftari. Usiende kujitetea. Muulize baba alikuwaje kabla wewe hujazaliwa, kisha nyamaza usikilize. Hasira ya ndugu mkubwa mara nyingi haihusu tukio lenyewe. Inahusu haki ya kulisimulia. Huenda yeye ndiye aliyemuuguza baba mwishoni. Huenda aliachishwa shule ili ninyi wadogo msome, na leo anaona hadithi ya nyumba inaandikwa na yule aliyesomeshwa. Akishasikilizwa na akabaki na msimamo wake, andika tu. Anastahili kauli yake iwekwe humo na iandikwe kwa uaminifu. Kukufunga mdomo kuhusu utoto wako mwenyewe hana haki nako.

Mpaka upo, hata hivyo, na mimi naushikilia sana. Kabla ya kuandika jambo la mtu aliye hai, jiulize kama jambo hilo lilikupata wewe, au ulilishuhudia tu likimpata mwenzio. Lililokupata ni lako, hata kama kuna mwingine atatajwa ndani yake. Ugonjwa wa ndugu yako, deni la mwanao, mimba aliyoificha shoga yako: hayo uliaminiwa nayo. Omba ruhusa, na ukikataliwa liache. Kubadilisha jina hakusaidii ndani ya ukoo. Kila mtu atajua ni nani kabla hajafika kwenye nukta. Na iwapo siku moja mtataka kuyachapisha, mpeni kwanza mwanasheria asome, kwa kuwa katika nchi nyingi mtu aliye hai anaweza kushtaki kwa kuchafuliwa jina.

Siri ngumu kuliko zote ni ile inayomhusu mtoto moja kwa moja, kwa mfano nani hasa ni mzazi wake. Hiyo isikutwe daftarini baada ya mazishi. Nakusihi, kama ipo, imwambie mhusika kwa mdomo ungali hai, aweze kuuliza, kulia, kukukasirikia, kuondoka na kurudi. Karatasi haiwezi kujibu swali la pili. Nimewaona watu wazima waliojua habari zao kwa kusoma, na kilichowaumiza zaidi ya habari yenyewe ni kukosa wa kumuuliza.

Nije kwa wanao. Wanakuambia uache ya kale. Waulize ni ya kale yapi. Muulize kila mmoja peke yake, kwa upole, na utakuta kila mmoja ana lake. Pengine mmoja anaogopa uandike ugomvi fulani wa ndoa yenu. Mwingine anaogopa kuandikwa kuwa ndiye aliyekuwa mtukutu. Na kuna hofu moja ambayo watoto hawaitamki, ambayo nadhani ndiyo kubwa. Mama aliyefiwa na mume anapokaa jioni baada ya jioni na daftari akiandika maisha yake, mtoto anaona mtu anayefunga mizigo. "Pumzika, mama" ni namna yao ya kusema usiende. Ukilisikia hivyo hutalichukulia tena kama dharau.

Hofu hiyo haiondoki kwa hoja. Huondoka kwa kuwaingiza ndani ya kazi. Mmoja akurekodi kwa simu unaposimulia. Wengi huongea vizuri kuliko wanavyoandika, hasa mkono ukianza kuchoka, na sauti ni urithi wenyewe. Mwingine akusanye picha zilizotawanyika. Mjukuu akutungie maswali, kwa kuwa mtoto huuliza yale ambayo mtu mzima anaona haya kuyauliza: mlipendanaje, ulikuwa unaogopa nini, ulishawahi kuchapwa? Na uwasomee ukurasa mmoja. Uchague unaowahusu wakiwa wadogo, wenye jambo ambalo wewe peke yako unalikumbuka: alivyokataa viatu vya shule siku ya kwanza, alichokuambia alipoona mvua ya mawe. Mtu mzima anayekuta kwamba alitazamwa kwa upendo siku ambayo yeye mwenyewe haikumbuki, huwa hamwambii tena mama yake aache.

Sasa namna ya kuandika, na hapa ndipo ningependa ukae nami kidogo. Wengi wanaoniletea madaftari wameandika historia ya kazi: nilizaliwa, nikasoma, nikaajiriwa, nikapandishwa cheo, nikastaafu. Mambo hayo yako kwenye vyeti, na wewe ukiondoka vyeti vitabaki. Kitakachoondoka nawe ni siku ya kawaida. Nani alitangulia kuamka. Mlizungumza nini watoto wakishalala. Mlijibana vipi mshahara ulipokwisha na mwezi bado unadai. Mumeo alivyokuwa akisafisha koo kabla ya kusema jambo zito. Hakuna ofisi inayohifadhi hayo. Mzee mmoja niliyemsaidia aliandika kurasa nyingi za nyadhifa alizoshika. Binti yake alizisoma zote kwa heshima, kisha akamuuliza: wewe na mama mlikuwa mkicheka nini usiku? Utoto wake wote alikuwa akiwasikia kupitia ukutani. Jibu la swali hilo ndilo lililokuwa sura bora kuliko zote alizoandika.

Kwa hiyo mwandikie mtu mmoja mwenye jina. Ukiandikia "vizazi vijavyo" sauti itapanda jukwaani, nawe utaanza kutoa hotuba. Mwandikie mjukuu ambaye leo hajui kusoma, ukimwaza atakapofikia umri uliokuwa nao ulipoolewa. Ukikwama, mwite kwa jina kwenye mstari wa kwanza, na utaona sentensi zinavyoteremka.

Mafunzo unayotaka kuwaachia yafuate njia hiyo hiyo. Vumilia, weka akiba, chagua rafiki: vijana wameshayasikia, na waliyasikia kutoka kwa watu wasiowapenda kama unavyowapenda wewe. Andika siku uliyojua akiba ni nini, na jinsi ulivyojisikia kusimama mbele ya mtu ukiomba kukopeshwa. Andika rafiki aliyekuja na rafiki ambaye hakuja. Ni kweli Mwana Kupona alimpa binti yake nasaha za moja kwa moja, beti kwa beti. Lakini nasaha zile zinashika kwa sababu tumeshamwona mgonjwa akimwita mtoto asogee karibu; tunajua nani anasema, na kwa nini anasema leo. Na pale ambapo hujajifunza, sema hivyo. Kuna mambo ya ndoa na ya malezi ambayo hayampambanukii mtu hata akifika miaka 67, na kijana anayehangaika akisoma kwamba bibi yake naye hakuyamaliza, anapata ahueni kubwa kuliko ushauri wowote.

Jambo ambalo karibu wote wanaliruka ni uzee wenyewe. Wanauandika utoto kwa kina, na umri walio nao sasa hawaugusi, kana kwamba maisha yaliisha siku ya kustaafu. Watoto wako, wakijaliwa, watafikisha miaka 67, na kuna uwezekano mkubwa hakuna atakayewaeleza kunakuwaje huko. Andika magoti ya asubuhi. Andika mara ya kwanza kijana usiyemjua alipokuinukia kitini ukatambua kwamba sasa unaonekana mzee. Andika kitanda tangu mumeo aondoke: unalala upande wako, au umehamia katikati? Kimya cha nyumba ni kizito saa ngapi? Andika hasira ya kusaidiwa jambo ambalo bado unaliweza, na aibu ya kuomba msaada kwa lile usiloliweza tena. Andika na raha zake, maana zipo: kusema hapana bila kujieleza, kumpenda mjukuu bila ile hofu uliyokuwa nayo kwa mtoto wako mwenyewe, kusoma barua ya zamani na kuwahurumia walioiandika. Haya yaandike sasa hivi, kwa wakati uliopo, hata kama ni mistari mitano kwa siku. Uzee wa miaka 67 si ule wa miaka 80, na ukifika huko hutaukumbuka huu ulivyokuwa, kama vile leo huukumbuki uchovu wa mama mwenye watoto wadogo ila kwa jumla jumla tu.

Kuhusu kifo cha mumeo, nenda polepole. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza sana maishani. Mara baada ya kuandika, walioeleza tukio pamoja na hisia zake walijisikia vibaya kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Tafiti nyingi zimefuata, na faida imeonekana kuwa ndogo kwa wastani na isiyomfikia kila mtu, hasa katika majonzi ya kufiwa. Ninachokichukua hapo ni hiki: machozi ya dakika zile si ishara kwamba umekosea, na wala hakuna sababu ya kujilazimisha. Weka muda mfupi, utazame saa, ukiisha funga daftari uende kwa watu. Ukiona siku zinapita moyo unazidi kuwa mzito, usingizi umekata, chakula hakipiti, sura hiyo iache, uzungumze na mtu unayemwamini au mshauri nasaha. Mumeo unaweza kumwandika kwa kupitia siku zake nzuri kwanza. Sura ya hospitali ingoje zamu yake, na ikiwa haitaandikwa kamwe, daftari halitakuwa pungufu.

Mambo ya mikono sasa. Andika upande mmoja wa karatasi ili upate nafasi ya kuongeza jina likirudi. Kila unapoanza, weka tarehe ya siku unayoandika. Atakayesoma atataka kujua ulikuwa na umri gani ulipomkumbuka baba yako hivyo. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli laini, pembezoni, bila kukandamiza, maana kalamu huacha alama upande wa mbele na wino wake unaweza kuichafua picha iliyolaliana nayo. Usiandike "mimi na shangazi". Andika jina lake kamili, kwa sababu miaka 40 ijayo hakutakuwa na wa kujua wewe ni nani wala shangazi yupi. Daftari lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Rekodi za sauti ziwe na nakala mbili au tatu mahali tofauti, kwa kuwa simu huibiwa na huharibika, na programu inayofungua faili leo huenda isiifungue baada ya miaka mingi. Karatasi ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa hiyo yale muhimu yaliyorekodiwa yaandikwe pia.

Na uamue mapema nani atalitunza. Chagua mmoja, uwaambie wengine wote kwamba umemchagua huyo na kwa nini, ili lisiwe jambo la kugombaniwa. Kwenye ukurasa wa kwanza andika nani anaruhusiwa kusoma na tangu lini. Baadhi ya watu hupenda sehemu fulani isomwe wakiwa hai, nyingine baadaye, na yote mawili yanafanyika ukizitenga katika madaftari mawili. Zile kurasa ulizoziandika usiku ili tu upumue, zenye ukali usiomfaa yeyote, zichane wewe mwenyewe ungali na nguvu zako. Usimwachie mtoto akae nazo mkononi akijiuliza kama mama alitaka zisomwe.